Bustani Iliyobaki na Jina la Ushuru

Katika mji wa Unguja, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ipo bustani iliyopata kuvishwa majina ya fahari, wala hata moja halikukaa midomoni mwa watu. Zamani hapakuwa mahali pa starehe: hapo ndipo ilipokuwa forodha, bidhaa zikitozwa ushuru na wachukuzi wakipishana juani, na karibu na hapo, kuanzia mwaka 1905, ndipo lilipoondokea gari la moshi la Bububu, ambalo safari yake yote haikuzidi maili 7.

Bandari ilipokwisha kuhamishiwa Malindi, uwanja ule ukafanywa bustani mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawazwa 1911, nayo ikaitwa Bustani ya Jubilei. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina hilo likafutwa, bustani ikanasibishwa na umma. Lakini msimamishe mwenyeji yeyote aliyembeba mwanawe jioni, umuulize aendako: atakujibu, "Forodhani," kana kwamba makarani wangali wakiandika ushuru.

Kwangu mimi jawabu hilo ni rai kamili, na ni rai ya kale kuliko zote zilizopata kukusanywa kwa karatasi. Watu hawakuifuata jubilei, wala, tukisema kweli, hawakuyafuata maua. Waliufuata upepo wa bahari baada ya Magharibi, wakafuata mishkaki na pweza, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mazungumzo yasiyo na haraka, na tamasha la vijana wachupao baharini kutoka ukutani.

Kwa hiyo bustani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, baada ya Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan kuutengeneza ukuta wa bahari na kupanga upya njia, nyasi na taa, wengi waliusifu ukarabati huo, ila mjadala wa vibarazani ukaelekea kwenye meza za wachuuzi. Mzee mmoja niliyekaa naye alikiri kwamba ukuta ni madhubuti na taa ni njema. Kisha akataka kujua majiko ya mkaa yamewekwa upande gani, maana kusi ikivuma, alisema, moshi wote utawaingia machoni waliokuja kupumzika.