Kupanga njia ya hewa katika nyumba ya Kashai

Katika nchi za baridi, nyumba huzibwa kila ufa, kisha hewa huingizwa kwa mashine yenye mabamba membamba. Hewa chafu hutokea upande mmoja wa bamba, hewa safi huingilia upande wa pili, na joto huvuka bila hewa hizo kuchanganyika. Nyumba zilizojengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991 kwa uongozi wa mwanafizikia Wolfgang Feist zilitegemea utaratibu huo, zikatumia nishati kidogo sana ya kupasha vyumba.

Kashai, mjini Bukoba, haiuhitaji. Kupandisha joto la mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi 1 hutumia takriban wati-saa 0.33. Nyumba inayobadili mita za ujazo 100 kwa saa hupoteza wati 660 tofauti ya ndani na nje ikiwa nyuzi 20. Bukoba, iliyo mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Ndani kukiwa na nyuzi 21, upotevu haufiki wati 170, na hakuna hita inayolipiwa umeme. Mashine tuiache, tuchukue mpangilio wake: hewa iingilie vyumbani na sebuleni, ipite chini ya milango, itokee jikoni na bafuni.

Maana hapa adui ni unyevu na moshi. Mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha usiku na asubuhi. Kufungua madirisha alfajiri ili kukausha chumba ni kazi bure. Hewa hukausha kuanzia adhuhuri hadi saa kumi. Msonge wa zamani wa Wahaya uliuachia moshi wa mafiga upenye kwenye nyasi. Bati na dari ya jipsam vimeifunga njia hiyo, na matokeo yake huonekana nyuma ya kabati: ukungu mweusi ukipanda kona hadi darini.

Mchana upepo huvuma kutoka Ziwa Victoria, mashariki, kwa hiyo vyumba vya kulala vikae upande huo na jiko magharibi. Usiku upepo hugeuka, ndiyo sababu jiko la kuni lahitaji dohani inayopita juu ya kipaa cha bati. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu, na wavu hupunguza tena. Ninapendelea lile la bawaba. Mkaa unaowaka usilazwe ndani hata kidogo: gesi yake haina harufu, nayo huua.

Matundu ya juu yawekewe wavu wa mbu. Katika wilaya jirani ya Muleba mbu wamezoea dawa kiasi kwamba kuanzia 2015 vyandarua vilivyoongezwa PBO, kiungo kinachoipa dawa nguvu, vilijaribiwa huko. Pia tetemeko la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi za Bukoba, hivyo matundu yawe mbali na pembe za ukuta, na fundi asikate lenta kupitisha bomba.

Kabla ya plasta, funga madirisha ya jikoni, fungua ya vyumbani, washa udi chini ya mlango wa jiko. Moshi ukielekea jikoni, njia inafanya kazi. Ukisimama au kurudi, tundu la kutolea hewa ni dogo, nalo lipanuliwe wakati tofali bado liko wazi.