Fedha za vijana katika kaunti: Hutengwa wapi na hukwama wapi

Kijana anayefika katika afisi za kaunti kuulizia "pesa za vijana" mara nyingi hutumwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na si lazima awe anazungushwa makusudi. Katika bajeti za kaunti nyingi fedha hizo hazikai chungu kimoja. Nyingine huwa katika idara ya elimu na mafunzo ya kiufundi, nyingine katika michezo na utamaduni, nyingine katika biashara, ushirika au kilimo. Fungu jingine, ambalo wengi hawalihesabu kabisa, limo ndani ya zabuni za serikali.

Mtawanyiko huo unatokana na Katiba ya 2010 yenyewe. Kifungu cha 260 kinamweleza kijana kuwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 na ambaye hajatimiza miaka 35. Kifungu cha 55 kinaiagiza dola kuhakikisha kuwa vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa, wanashiriki katika siasa na uchumi, wanafikia nafasi za ajira na wanalindwa dhidi ya mila zenye madhara na unyanyasaji. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa watu watatu kati ya kila wanne nchini walikuwa chini ya umri wa miaka 35.

Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa majukumu kati ya Serikali Kuu na kaunti 47, halina mstari unaosema kuwa kaunti zitashughulikia vijana. Linataja vyuo vya ufundi vya vijijini, elimu ya chekechea, michezo na viwanja vyake, masoko na biashara, kilimo na afya. Gavana anayetaka kuwafaa vijana hana budi kupitia milango hiyo.

Kati ya milango hiyo, wa vyuo vya ufundi ndio mkongwe zaidi, na ndio unaostahili kutazamwa kwa makini.

Vyuo hivyo vilianza katika miaka ya sitini, baada ya Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini kutoa ripoti mwaka wa 1966 kuhusu watoto waliokuwa wakimaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea na masomo ya sekondari. Wazo lilikuwa rahisi: karakana za gharama ndogo, karibu na nyumbani, ambako kijana angejifunza useremala, uashi, ushonaji au ufundi wa vyuma, kisha afanye kazi papo hapo kijijini. Serikali ilivikumbatia vyuo hivyo baadaye, vikahamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, hadi ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013 na kaunti zikavirithi. Sheria ya elimu ya kiufundi ya mwaka huo huo ilivipa jina jipya la vituo vya mafunzo ya ufundi, ingawa vijijini wazee wangali wanasema "politekniki".

Mabaraza ya miji, ya manispaa na ya wilaya yaliyotangulia kaunti, ambayo yalikuwa 175, hayakuwa na uwezo mkubwa wa kuwafaa vijana. Tangu sheria ya 1998 yalikuwa yakipokea asilimia tano ya kodi ya mapato kupitia hazina iliyojulikana kama LATF, mbali na ushuru wa masoko na leseni. Fedha zilizolengwa kwa vijana zilishuka kutoka Nairobi kwa njia nyingine: Hazina ya Vijana iliyoanzishwa mwaka wa 2006 kwa Sh1 bilioni, kisha mpango wa Kazi kwa Vijana mwaka wa 2009. CDF, iliyoanza mwaka wa 2003, ilipitia kwa wabunge.

Mazoea hayo ndiyo chanzo cha mkanganyiko ambao haujaisha. Hazina ya Vijana, Uwezo, Hustler Fund, Huduma ya Vijana kwa Taifa na fedha za maeneobunge zote ni za Serikali Kuu. Diwani wa wadi hana sauti rasmi juu yake, na kumlaumu gavana kwa kucheleweshwa kwake ni kumwonea.

Kaunti, kwa upande wake, hutegemea zaidi mgao kutoka mapato ya kitaifa. Katiba inataka mgao huo usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/2014, zilipewa Sh190 bilioni. Kiasi hicho kilifika Sh370 bilioni mwaka wa 2021/2022, na Sh415 bilioni mwaka wa 2025/2026. Juu yake huongezwa ushuru ambao kaunti hukusanya zenyewe, pamoja na ruzuku za Serikali Kuu na wafadhili wa kigeni.

Kupanda huko hakujawa kwa mstari ulionyooka. Mwaka wa 2024 kaunti zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni. Vijana walipoandamana mwezi wa Juni, na Mswada wa Fedha ukaondolewa, Serikali Kuu ilisema mapato yaliyotarajiwa yamepungua. Baada ya mvutano mrefu kati ya Seneti na Bunge la Taifa, mgao ulishushwa hadi takriban Sh387.4 bilioni. Kodi walizopinga barabarani zilikuwa sehemu ya hesabu ya fedha ambazo zingefika katika wadi zao.

Pigo kubwa zaidi kwa vyuo vya ufundi, lakini, lilikuwa limepita kimya miaka mitatu kabla. Kwa miaka kadhaa Serikali Kuu ilikuwa ikizipa kaunti ruzuku ya masharti ya kustawisha vyuo hivyo, ambayo katika mwaka wa 2018/2019, kwa mfano, ilikuwa Sh2 bilioni. Masharti yalimaanisha kuwa pesa zilizokusudiwa kununua cherehani, randa au mashine za kuchomelea hazingeweza kugeuzwa kuwa za kutengeneza barabara. Mwaka wa 2021/2022 ruzuku hiyo, pamoja na nyingine tatu, ilimezwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti.

Magavana walipendelea mpango huo kwa kuwa uliwapa uhuru wa kupanga. Kwa kijana aliye karakanani maana yake ni nyingine. Fedha za chuo chake hazina tena uzio wa kisheria, na kila mwaka sharti zishindane na mishahara, dawa za hospitali na barabara za wadi. Kaunti inayovithamini vyuo inaweza kuvipa zaidi ya ruzuku ya zamani. Isiyovithamini inaweza kulipa wakufunzi na kuishia hapo, na haitakuwa imevunja sheria yoyote.

Ndiyo sababu kalenda ya bajeti ina uzito kuliko hotuba za siku ya uzinduzi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza Julai. Viwango vya kila idara huwekwa katika taarifa ya sera ya fedha inayofikishwa bungeni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufika kufikia Aprili 30. Kikundi cha vijana kinachojitokeza mwezi wa Juni kuomba karakana kinakuta meza imekwisha kuandaliwa; kinachoweza kubadilishwa wakati huo ni kidogo mno.

Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti zinazilazimu kaunti kuwashirikisha wananchi katika mipango hiyo. Nyingi huandaa mkutano mmoja katika kila wadi, saa za kazi, tangazo likiwa limetoka siku chache kabla. Makueni ilipata sifa kwa kufuata njia tofauti: mijadala huanzia katika vijiji vyake, ambavyo ni zaidi ya 3,000, ikapanda hadi wadi zake 30 na hatimaye kongamano la kaunti nzima. Pendekezo la kijiji likiachwa njiani, waliolitoa huwa wanajua liliachwa katika ngazi gani.

Bajeti ikipitishwa, bado fedha haziko mkononi. Hazina ya Kitaifa hupeleka mgao katika akaunti ya mapato ya kaunti iliyo katika Benki Kuu, na hakuna shilingi inayotoka humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Mgao ukichelewa, jambo ambalo limekuwa kawaida, mishahara hutangulia. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeuvuka mpaka huo. Sheria pia inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, lakini panapokosekana pesa miradi ndiyo husubiri, na ununuzi wa vifaa vya chuo ni mradi.

Kungoja huko kunauma zaidi katika zabuni. Tangu 2013, na kwa nguvu zaidi chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, asilimia 30 ya zabuni za serikali, zikiwemo za kaunti, hutengewa vijana, wanawake na watu walio na ulemavu. Ili kampuni ifuzu kuwa ya vijana, angalau asilimia 70 ya wamiliki wake wawe vijana, na viongozi wake wote pia. Kaunti hutakiwa vilevile kuwatengea wakazi wake angalau asilimia 20 ya bajeti ya ununuzi.

Kwa hesabu ya karatasi, hakuna mpango wa vijana katika kaunti unaoweza kulingana na huo kwa ukubwa. Lakini kufikia mwisho wa Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh180 bilioni ambayo hazijalipa wafanyabiashara na wanakandarasi. Mwanakandarasi mkubwa anaweza kustahimili mwaka mmoja bila malipo. Kijana aliyekopa benki ili apeleke madawati au saruji hulipishwa riba kila mwezi, na zabuni iliyokusudiwa kumwinua yaweza kumfilisi.

Baadhi ya kaunti zimeunda hazina zao za mikopo. Sheria inaruhusu hazina ya aina hiyo mradi iidhinishwe na baraza la mawaziri wa kaunti na bunge lake, na iwe na msimamizi anayetoa hesabu. Makueni, kwa mfano, ilianzisha hazina ya Tetheka inayokopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu walio na ulemavu kwa riba nafuu. Hazina hizi huzunguka, yaani mkopo unaolipwa na kikundi kimoja ndio hukopeshwa kingine. Wanasiasa wakinong'oneza kuwa hizo ni pesa za bwerere, mzunguko hukatika mapema.

Basari nazo zimezua mvutano wa kisheria. Shule za upili na vyuo vikuu ni jukumu la Serikali Kuu, ilhali kaunti zimekuwa zikiwalipia wanafunzi karo huko. Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o aliagiza kaunti zikome hadi ziwe na makubaliano rasmi na Serikali Kuu. Suala hilo lilifika Mahakama Kuu, iliyositisha agizo hilo kwa muda. Basari kwa wanaosomea vyuo vya ufundi vya kaunti hazina utata huo, kwani vyuo hivyo ni vya kaunti yenyewe.

Anayetaka kufuatilia fedha za kaunti yake anaweza kuanza na ripoti ambazo Mdhibiti wa Bajeti hutoa kila robo mwaka, zinazoonyesha kila idara ilitengewa kiasi gani na ilitumia kiasi gani. Yasiyopatikana humo, kama vile orodha ya waliopewa zabuni za vijana, yanaweza kuombwa kwa barua kutoka kwa kaunti yenyewe. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa afisi iliyoandikiwa siku 21 kujibu.