Rhino Camp, Gati la Arua

Rhino Camp ipo kwenye ukingo wa magharibi wa Nile ya Albert, katika wilaya ya leo ya Madi-Okollo, mashariki ya Arua. Jina lake ni la vifaru weupe. Januari 1910 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipiga kambi hapo akiwawinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Nyika hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilokodishwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mwaka huohuo wa 1910 Lado ikaingizwa Sudan, na 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda.

Makao ya wilaya mpya ya West Nile yaliwekwa Arua, juu kwenye nyanda, mbali na maji. Kwa hiyo mji ulihitaji gati, na gati likawa Rhino Camp. Meli za shirika la reli zilitoka Butiaba, kwenye Ziwa Albert, zikapita Pakwach na Rhino Camp hadi Nimule. Zaidi ya hapo hazikuweza kwenda, maana maporomoko ya Fola yanaufunga mto. Pamba ilisafirishwa kwa njia hiyo, na watu pia. Vijana wa Kilugbara na Kialuri waliokwenda kukata miwa Kakira na Lugazi walipanda meli, wakashuka Butiaba, wakavuka kwa barabara hadi Masindi Port, wakapanda meli nyingine ya Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo ndipo walipoikuta reli ya Jinja. Ni safari ya kuchosha hata kuisimulia.

Vyombo hivyo viliwekwa kwa biashara na abiria, lakini mtu akipatwa na janga majini au ukingoni, chombo kilichokuwa karibu ndicho kilichomwokoa. Mfano mashuhuri ni wa Januari 1954. Ndege ndogo iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Walilala porini, na kesho yake boti iitwayo Murchison, iliyokuwa imekodiwa na watalii, ikawachukua hadi Butiaba. Huko walipanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ilipotaka kuruka. Magazeti ya ulimwengu yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo cha Hemingway.

Mvua kubwa za 1961 ziliinua maji ya maziwa yote ya eneo hili. Butiaba ilifurika, na meli kubwa ya Ziwa Albert, Robert Coryndon, ikazama bandarini. Haikuinuliwa kurudi kazini. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, mizigo ya Arua ikahamia huko, kisha daraja la Pakwach likaipa barabara nguvu. Katika miongo ya karibuni jina la Rhino Camp limehusishwa zaidi na makazi ya wakimbizi kutoka Sudan, na baadaye Sudan Kusini.