Hatua za Kudhibiti Mlipuko wa Virusi vya Hepesi katika Mashamba ya Farasi

Virusi vya hepesi vya farasi aina ya kwanza husababisha homa na mafua, na huweza kumfanya farasi jike atupe mimba katika miezi ya mwisho. Baadhi ya farasi hushambuliwa uti wa mgongo, wakayumba miguu ya nyuma, wakashindwa kukojoa na hatimaye kusimama. Binadamu hawaambukizwi, ila huweza kuvibeba virusi hivyo kwa mikono na nguo.

Mwezi Februari 2021, ugonjwa huo ulizuka katika mashindano ya kuruka viunzi mjini Valencia, Hispania. Baadhi ya farasi walikwisha kuondoka kabla ya mlipuko kudhibitiwa, wakaupeleka ugonjwa katika nchi nyingine. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilisitisha mashindano Ulaya bara hadi Aprili 11, na farasi 18 walikufa.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kufunga shamba. Farasi yeyote asiingie wala kutoka, hata anayeonekana mzima, kwa kuwa dalili huchukua siku 2 hadi 10 kujitokeza, na wakati mwingine hadi siku 14. Kumhamisha farasi kwa nia ya kumwokoa huweza kuwa ndiko kuusambaza ugonjwa.

Pili, farasi wote wapimwe joto mara mbili kwa siku. Anayezidi nyuzi 38.5 atengwe mara moja, na daktari wa mifugo achukue sampuli za ute wa pua na damu. Waliokaa naye zizi moja wahesabiwe kuwa wameambukizwa hadi vipimo vithibitishe vinginevyo.

Tatu, mhudumu aanze na farasi wazima na kumalizia na wagonjwa, au kila kundi liwe na mhudumu wake. Ndoo, hatamu na brashi zisitumiwe kwa pamoja. Vifaa na sakafu visafishwe kwa maji na sabuni kabla ya kupakwa dawa ya kuua vimelea, kwani dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Mimba iliyotupwa pamoja na kondo lake vifungwe katika mfuko usiovuja na kupelekwa maabara.

Chanjo hupunguza kiasi cha virusi vinavyotolewa na farasi mgonjwa, lakini haijathibitika kuzuia ugonjwa wa uti wa mgongo. Aidha, farasi aliyepona hubaki na virusi vilivyojificha mwilini, navyo huweza kuamka anaposafirishwa au kuchoshwa.

Karantini huondolewa baada ya siku 21 kupita bila mgonjwa mpya, kwa idhini ya daktari wa mifugo. Akipatikana mgonjwa mwingine, hata siku ya 20, hesabu huanza upya.