Kiboksi Kilichofeli Kuiga Besi, Halafu Dunia Nzima Ikakiiga Chenyewe

Wadau wangu wa nguvu, kuna ubishi mmoja kwenye magrupu ya muziki ambao hauishi. Kuna wanaosema muziki wa kweli ni wa ala za kweli, na kwamba dogo anayetengeneza biti chumbani kwake kwa laptopu anaiga tu. Kuna wanaojibu kwamba muhimu ni mzigo utoke mkali, mengine kelele. Leo sitaki kuwapigia kelele. Nawaletea historia ya kiboksi kimoja tu, na ukifika mwisho utaona hilo neno "kuiga" ni zito kuliko tunavyolitumia.

Kiboksi kinaitwa TB-303. Kilitoka mwaka 1981, kimetengenezwa na kampuni ya Roland ya Japani. Ni cha plastiki, rangi ya fedha, uzito kama kilo moja, unaweza kukibeba kwapani ukapanda nacho daladala. Kinatumia hata betri. Kazi yake ilikuwa moja: kumsaidia mwanamuziki asiye na bendi. Wewe una gitaa lako, unataka kufanya mazoezi, mpiga besi huna. Basi unakipangia noti, kinakupigia besi. Kulikuwa na ndugu yake, TR-606, wa kupiga ngoma. Ukiwaweka pamoja umepata bendi ya mezani.

Kwa hiyo weka hili akilini tangu mapema: TB-303 yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya kuiga. Iliundwa imuige mpiga besi.

Na ilifeli vibaya.

Ndani yake kuna chanzo kimoja tu cha mlio. Unachagua wimbi la aina mbili, lenye umbo la msumeno au la mraba. Mlio ukitoka hapo unapita kwenye filta, yaani mlango unaoamua sauti kali zipite kiasi gani na zibaki kiasi gani. Huu mfumo wa umeme wa moja kwa moja ndio tunauita analogi. Matokeo yake yalikuwa mlio unaokoroma na kulialia, haukukaribia gitaa la besi hata kwa mbali. Halafu kukipangia noti ilikuwa kero tupu. Unaingiza noti zote kwanza, kisha unarudi mwanzo kuingiza muda wa kila noti. Ni kama mtu akwambie uandike sentensi kwa kuanza na irabu zote, ukimaliza ndiyo urudi kuweka konsonanti. Wanamuziki wakakichoka. Mwaka 1984 Roland wakaacha kukitengeneza, na vilivyobaki vikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa.

Kawaida hadithi ya bidhaa iliyododa inaishia hapo. Hii ndiyo inaanza.

Kabla ya kufika sehemu inayojulikana, tupite Mumbai kwanza. Mwaka 1982, mwanamuziki wa kurekodia nyimbo za filamu za Kihindi, Charanjit Singh, alichukua TB-303 akaiunganisha na mashine ya ngoma TR-808 na sintesaiza ya Jupiter-8, akatoa albamu ya raga kumi juu ya mdundo wa disko. Sasa sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo filamu za Kihindi hazikuzimwa, tunajua noti za kule haziruki kama ngazi, zinateleza. TB-303 ina kitu hicho hicho: unaweza kuamua noti moja iteleze mpaka nyingine. Yule mzee aliona kitu ambacho wateja waliolengwa hawakukiona. Lakini albamu haikuvuma, ikasahaulika. Ilipotolewa upya mwaka 2010 watu wakashika vichwa, maana ilisikika kama muziki ambao ulikuwa haujazaliwa bado.

Muziki wenyewe ulizaliwa Chicago, Marekani, katikati ya miaka ya 80. Vijana watatu weusi, DJ Pierre na wenzake Spanky na Herb J, walikuwa na kundi linaitwa Phuture. Wakapata TB-303 ya mtumba. Kuipanga hawakujua. Wakaiacha izungushe mfululizo wake wa ajabu ajabu, huku DJ Pierre akizungusha vitufe vya filta wakati mlio unaendelea. Hapo ndipo penyewe. Vile vitufe viliwekwa ili uchague mlio wako kisha uviache. Jamaa wakavigeuza kuwa ala. Kiboksi kikaanza kupiga mayowe, kulia, kucheka, kama kitu kilicho hai.

Wakarekodi kwenye kaseti, wakampelekea Ron Hardy, DJ wa klabu ya Music Box. Hadithi inayosimuliwa na wenyewe ni kwamba aliupiga mara kadhaa usiku uleule. Mara ya kwanza watu hawakuelewa kabisa. Mpaka mara ya mwisho ukumbi ulikuwa umepagawa. Mwaka 1987 wimbo ukatoka kwenye lebo ya Trax kwa jina la "Acid Tracks", na staili nzima ikaitwa asidi. Mwaka uliofuata ukafika Uingereza na vijana wa kule wakachizika nao.

Tafakari kidogo hapo. Injinia wa Japani alitaka mlio wa besi. Akakosa. Kile alichokosea ndicho vijana wa Chicago walichokipenda.

Sasa likaja tatizo jingine, la pesa. Kiboksi kilichokuwa kinatupwa kikawa dhahabu. Havitengenezwi tena, na kila prodyuza Ulaya na Marekani anakitaka. Mwaka 1996 Fatboy Slim akatoa wimbo ambao jina lake tu linasema kila mtu anahitaji 303. Kila mtu anahitaji, ndiyo, lakini nani anaweza kununua? Mtoto wa familia ya kawaida, yaani mtu wa aina ileile iliyokigundua, akawa nje ya mlango.

Mlango ukafunguliwa kutokea Stockholm, Sweden. Kampuni changa ya Propellerhead, iliyoanzishwa mwaka 1994, ikatoa programu ya kompyuta inaitwa ReBirth RB-338 mwaka 1997. Rebirth maana yake ni kuzaliwa upya. Ukiifungua unaona kwenye skrini TB-303 mbili na TR-808 moja, na toleo la pili likaongeza TR-909. Vitufe vimechorwa kama vya mashine zenyewe, unavizungusha kwa mausi, na mlio unalia vilevile huku unasikiliza. Kwenye kompyuta ya nyumbani ya zama zile! Leo tunaona kawaida, wakati ule ilikuwa kama uchawi.

Mtu atauliza, si wamerekodi tu mlio wa kiboksi wakaubandika humo? Hapana, na hapa ndipo pana utamu wenyewe. Ukirekodi unapata mlio mmoja uliosimama. Raha ya TB-303 ni vitufe vinavyotembea, na huwezi kurekodi kila mkao wa kila kitufe. Kwa hiyo lazima uiandike mashine upya kwa hesabu. Umeme unatiririka kama maji ya bomba, haukatiki. Kompyuta haiwezi kutiririka, inahesabu kwa vipande. Kwa ubora wa CD ni vipande 44,100 kwa sekunde moja. Ni kama kuchora duara kwa vijistari vidogo vilivyonyooka: vikiwa vingi vya kutosha, jicho linadanganyika.

Shida inakuja kwenye filta. Ndani ya mashine halisi, sehemu ya mlio unaotoka inarudishwa palepale mlangoni, na ndiyo inayoleta kile kilio. Kompyuta inachelewa kipande kimoja kabla ya kurudisha. Ni muda mdogo mno, lakini ukipandisha kitufe mpaka juu, kilio kinabadilika na masikio ya mzoefu yanashtuka. Kuna na ile ya noti za mkazo. Ukiweka noti mbili tatu za mkazo zikifuatana, kapasita ya ndani inakuwa haijamaliza kutoa chaji ya noti ya kwanza, kwa hiyo inayofuata inapanda zaidi. Anayeiga mashine hii kwa programu ni lazima aandike hesabu ya kapasita iliyochelewa kupumua, la sivyo wazee wa kazi watamwambia hiyo siyo yenyewe.

Umeiona hiyo? Watu wenye akili zao wamekesha wakiiga kwa uangalifu kabisa kitu ambacho kilishindwa kuiga. Kama wangeondoa kasoro zake, wangeondoa kila kitu.

Mwaka huohuo wa 1997, kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ikaweka mtandaoni programu ndogo ya kupanga ngoma iitwayo FruityLoops. Hiyo sasa naona mmeanza kutabasamu. Ndiyo hii FL Studio tunayoijua. Ile mistari ya vibox 16 unayobofya ili kupanga kiki na snea ni mtindo uleule wa hatua 16 wa mashine za ngoma kama 808. Bongo Flava imejengwa sana humo, na ukiingia studio za singeli za uswahilini Dar, kompyuta moja, spika mbili, feni inazunguka, ndicho utakachokikuta. Kiboksi cha Japani wengi wetu hatujakishika. Ila ile njia ya kufikiri muziki, ya kuwasha mashine ijizungushe halafu wewe uichezee mpaka ilie, imetufikia kupitia programu.

Mwaka 2005 Propellerhead wakaistaafisha ReBirth, wakaitoa bure watu wapakue. Mwaka 2010 wakaileta kwenye iPhone na iPad. Halafu mwaka 2017 wakatangaza kwamba wanaiondoa dukani, kwa sababu Roland wamewaarifu kuwa inaingilia haki zao. Ikaondoka hivyo. Roland wenyewe walikuwa wameshautambua utamu wa kitu walichokiacha: mwaka 2014 walileta TB-3, mwaka 2016 TB-03, na baadaye wakatoa na programu yao rasmi ya TB-303.

Hapa ndipo mimi na wadau wengine tunaweza kugombana. Kisheria mwenye mali ana haki ya kulinda mali yake, hilo silipingi. Na sisi tuwe wa kwanza kuliheshimu, maana kila wiki prodyuza fulani wa mtaani analia biti yake imechukuliwa bila senti. Huwezi kulia biti yako imeibwa wakati programu uliyoitengenezea ni ya kukraki na hujawahi hata kuwaza kuilipia. Hiyo inatuhusu wengi, tusijifanye hatusikii.

Lakini haki ya kisheria ni jambo moja, na nani alikipa kitu thamani ni jambo jingine. Kiboksi kilipoachwa mwaka 1984 thamani yake ilikuwa ya mtumba. Mzee wa Mumbai alikiona mapema hakupata kitu. Vijana wa Chicago walikipa sauti. Wasweden walikilea miaka 20 kwenye kompyuta, wakakiweka masikioni mwa watoto ambao wakati kinakufa walikuwa hawajazaliwa. Roland waliporudi, walikuta soko limeshalimwa na kupaliliwa. Kuvuna ni haki yao. Ila ukisimulia hadithi ya TB-303 ukaanza na kuishia Japani, umewaruka waliolima.

Kwa hiyo mtu akikuambia dogo wa laptopu anaiga tu, muulize: anaiga nini? TB-303 iliiga besi. ReBirth iliiga TB-303. Katika mlolongo huo, kitu kipya hakikutoka kwa aliyeiga kwa usahihi zaidi wala kwa aliyekuwa na pesa zaidi. Kilitoka kwa aliyezungusha kitufe kule ambako hakuna aliyemwambia azungushe. Laptopu nayo ina vitufe. Swali ni kama dogo anavizungusha, au anapakua biti iliyokwisha pikwa na kuibandika jina lake.

Haya, uwanja ni wenu. Maprodyuza mnaosoma hapa, ni kitu gani kwenye programu yako kiliwekwa kwa kazi moja, ukakitumia kwa kazi nyingine kabisa kikatoka moto? Na wale wa ala za kweli, msikimbie, njooni mjibu: gitaa la umeme lilipoingia, wazee wa zamani hawakusema nalo ni feki? Shusheni maoni hapo chini, matusi hapana.