Wakazi wa Bagamoyo Tangu Enzi za Kaole

Bagamoyo, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ulijengwa na watu wa asili nyingi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 Kinyamwezi, Kikachi, Kiarabu cha Omani na Kifaransa vilisikika humo siku moja, na Kiswahili kikawaunganisha wenye lugha hizo sokoni na bandarini. Wengi wa watu hao walikuja kwa sababu ya barabara ya misafara, na ilipokufa barabara hiyo, mji ulibadilika tena.

Makao ya kale zaidi yanayojulikana katika eneo hili ni Kaole, kilomita kama 5 kusini ya mji wa sasa, ambako magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo bado yamesimama. Watu walioushika ufuko huu kwa karne zilizofuata walijiita Washomvi, wakajinasibisha na Shirazi na Barawa. Waliishi kwa uvuvi, chumvi na biashara ndogo ya mashua, chini ya majumbe wao. Nasaba hiyo haikuwa simulizi tu la wazee. Aliyekubaliwa kuwa Mshirazi alikuwa na haki ya kudai ada kwa wageni, kugawa viwanja na kuketi mbele katika sherehe za mji. Nyuma ya ufuko waliishi Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, waliokuwa wakulima na wachimbaji wa sandarusi. Masimulizi ya Wazaramo yanaeleza kwamba Wakamba walipouvamia ufuko, Washomvi waliokolewa na Pazi Kilama kutoka bara, na tangu hapo wakawa na deni la kumlipa Mzaramo kila mwaka. Kwa hiyo hata kabla ya Mwarabu na Mhindi kuingia kwa wingi, mji ulikuwa umeshajengwa juu ya mapatano kati ya watu wa maji na watu wa bara, na ndoa kati yao zilikuwa za kawaida.

Sayyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar, mnamo 1840, Bagamoyo ilipata bahati ya kuelekeana na kisiwa hicho. Serikali yake iliweka liwali na kikosi cha askari Mabulushi chini ya jemadari. Waomani wa koo kubwa walifungua mashamba ya minazi pembezoni mwa mji, na baada yao wakaja Wamanga na Washihiri wasio na mali nyingi, wakashika uchuuzi na ubaharia. Majumbe hawakuondolewa. Waliendelea kupokea sehemu yao ya ushuru, na Waarabu wengi walioa mabinti wa pwani, hata baada ya vizazi viwili ikawa vigumu kusema nyumba fulani ni ya Kiarabu au ya Kishirazi.

Wahindi walikaa kwa namna nyingine. Banyani, Bohora na Khoja kutoka Kachi na Gujarati walijenga kwa mawe katika barabara moja ndefu, duka chini na makazi juu, wakaoana wao kwa wao na kujenga nyumba zao za ibada. Mkopo ulitoka kwao. Mfanyabiashara wa pembe aliyetaka kwenda Tabora alipata kwao nguo, shanga na waya, akalipa aliporudi. Maarufu kupita wote alikuwa Sewa Haji Paroo, Khoja aliyepanga wapagazi na mizigo ya karibu kila Mzungu aliyetaka kuingia bara. Alifariki 1897, na sehemu ya mali yake aliiacha kwa ajili ya wagonjwa na shule. Jengo la shule alilolitoa Bagamoyo lilikusudiwa watoto wa rangi zote, jambo la nadra katika zama zile.

Lakini waliokuwa wengi kupita makundi hayo yote hawakuwa na nyumba za mawe. Kila kiangazi Wanyamwezi waliteremka kwa maelfu, baada ya safari ya miezi kama mitatu, wakiwa wamebeba pembe za ndovu. Walipiga kambi pembezoni mwa mji wakingoja mizigo ya kurudi nayo, wengine wakilima au kufanya vibarua, na kila mwaka wapo waliobaki. Pamoja nao waliletwa watumwa: Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo, Wayao, watu wa pande za Ziwa Nyasa na wengine. Sayyid Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, lakini mashamba ya pwani yenyewe yaliendelea kuwahitaji. Lugha ya mji iliwapanga watu hawa kwa ngazi. Aliyetoka bara karibuni aliitwa mshenzi, aliyezaliwa utumwani pwani aliitwa mzalia, na juu yao alikuwa mwungwana. Ngazi hizi zilikuwa za dharau, na mtu hodari alizipanda kwa kusilimu, kujifunza Kiswahili safi, kuvaa kanzu na kusaidiana na jirani katika harusi na maziko. Wengi wanaoitwa leo watu wa asili wa Bagamoyo ni wajukuu wa watu hao.

Kundi jingine lilizaliwa kaskazini ya mji mwaka 1868, wakati mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao kutoka Ufaransa, walipofungua misheni. Waliwapokea watumwa waliokombolewa kwa fedha na wale waliotekwa na manowari za Waingereza, wakawabatiza, wakawaozesha na kuwapa mashamba katika kijiji cha uhuru. Hapo walikutana vijana wasio na kabila moja, na lugha yao ya nyumbani ikawa Kiswahili. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris 1939, alifanya kazi miaka mingi katika misheni za Bagamoyo na Zanzibar. Ni kwenye misheni ya Bagamoyo ulipopokelewa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, ukiletwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao.

Vita vya 1888 na 1889 viliutikisa mpango wote huu. Wajerumani wa kampuni ya kikoloni walipotaka kuwanyang'anya liwali na majumbe ushuru na mamlaka, pwani ilisimama chini ya Abushiri bin Salim, aliyepiga kambi karibu na Bagamoyo. Wahindi wengi walikimbilia Zanzibar, na maelfu ya watu wakajificha misheni. Kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alileta askari wapatao 600 Wasudani waliosajiliwa Misri, na mamia ya Washangaani kutoka Msumbiji, na baadhi ya askari wa namna hiyo waliishia kuoa na kuishi katika miji ya pwani. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kwa muda mfupi tu, kwani mwaka 1891 serikali ilihamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1905 ilifika Kigoma 1914, na mpagazi akakosa kazi.

Hapo ndipo mji ulipogeuka. Wajerumani walihama na ofisi zao. Wahindi wakafuata biashara Dar es Salaam, duka baada ya duka, na nyumba za mawe zikaanza kukosa mapaa. Waarabu wenye mashamba walibaki na minazi na madeni. Waliobaki kwa wingi ni wale ambao hawakuwa na pengine pa kwenda, wapagazi na watumwa wa jana, na ndio walioushika mji. Maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, yanaonyesha mabadiliko hayo kuliko takwimu yoyote. Aliletwa akiwa mtoto kutoka Umanyema, akawa mtumwa katika nyumba ya Mwomani wa ukoo wa Lemki. Alifanya biashara ndogo, akanunua mashamba ya minazi, akasoma elimu ya dini, akafungua madrasa na kuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimfanya liwali. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka sita baada ya mtumwa huyo wa zamani kupewa cheo cha mabwana. Alifariki 1931, na mwanawe Muhammad akarithi uongozi wa tarika, iliyowavuta wanafunzi na wageni wa ziara kutoka mbali.

Serikali ya Kiingereza iliwahesabu watu kwa mafungu ya rangi: Waafrika, Waarabu, Wahindi, Wazungu. Mafungu hayo hayakuufaa mji ambamo mtu mmoja aliweza kuwa na bibi Mzaramo, babu Mmanga na jina la Kishirazi. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa iliwakuta Wahindi wachache tu Bagamoyo, wengi wakiwa wameshaondoka miaka mingi kabla. Miaka kumi baadaye Chuo cha Sanaa kilifunguliwa, kikaleta wachezaji na wapiga ngoma kutoka pande zote za nchi. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi na kupiga zeze lake hapo hadi alipofariki 2003. Barabara ya lami imewaleta watumishi, wafanyabiashara na wenye viwanja kutoka Dar es Salaam, pamoja na wahudumu wa hoteli kutoka mikoa mingi.

Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua bado wanahesabiwa kuwa wenyeji, na familia za Wamanyema na Wanyamwezi zinajulikana mitaani kwa majina na makaburi yao. Sensa ya 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini kuuliza kabila la mtu. Tangu hapo orodha za serikali hazionyeshi nani katika Bagamoyo alitoka wapi.