Papa Wemba kati ya Dansi na Filamu: Suala la Lugha ya Mtunzi

Historia za muziki wa dansi wa Kongo humtaja Papa Wemba kwanza kama mwimbaji, kisha kama kinara wa mavazi ya kifahari, na mwishoni kabisa, kwa sentensi moja au mbili, kama mwigizaji. Mpangilio huo unaficha jambo. Filamu ya *La Vie est belle* (1987) inaibua swali ambalo santuri zake haziliibui: mtunzi anapotoka jukwaani na kuingia kwenye filamu, huingia na lugha ipi?

Jules Shungu Wembadio alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, katika nchi ya Watetela, akakulia Kinshasa. Mama yake alikuwa mwombolezaji wa misibani, na mwanawe alifuatana naye. Katika sanaa hiyo mtunzi na mghani ni mtu mmoja, na maneno hufuata msiba uliopo. Ile sauti yake nyembamba, yenye kulia hata pale wimbo unapochezeka, haielezeki vyema kwa kurejelea rumba peke yake.

Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa Zaïko Langa Langa, bendi ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo iliacha tarumbeta na kuyapa magitaa na ngoma nafasi kubwa. Mwaka 1977 aliunda Viva la Musica. Alitunga hasa kwa Kilingala, na mara nyingine kwa Kitetela. Wapenzi wa dansi wa Nairobi na Dar es Salaam walikwisha kuzoea kuzicheza nyimbo za Kilingala pasipo mkalimani.

Filamu haikuwa na uhuru huo. Waongozaji wake walikuwa Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba, ambaye wakati huo bendi yake ilikuwa na umri wa miaka kumi, anaigiza kama Kourou, mtu wa shamba anayekuja Kinshasa kutafuta nafasi ya kuimba na kuishia kuwa mtumishi wa nyumbani wa tajiri mwenye klabu. Wote wawili wanamtaka msichana mmoja, Kabibi. (Jina hilo, lenye kiambishi *ka-* cha udogo, msomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja.) Mazungumzo ni ya Kifaransa. Kifaransa kiliisaidia filamu kuvuka mipaka, lakini kilimpunguzia mwigizaji ule wepesi wa maneno ya mitaa ya Matonge. Kourou anapoimba ndipo anapokuwa mwenyeji. Anapozungumza ni mgeni katika mji wake mwenyewe.

Mvutano huohuo ulimfuata katika kurekodi. Katika albamu ya *Emotion* (1995), iliyotolewa na Real World ya Uingereza, aliimba hata wimbo wa Otis Redding kwa Kiingereza, huku akiidumisha Viva la Musica kwa ajili ya wachezaji wa Kinshasa.

Katika *Kinshasa Kids* (2012), inayohusu watoto wa mitaani wanaounda bendi, alionekana kama Papa Wemba mwenyewe. Tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani Abidjan akiimba, mbele ya kamera za televisheni, na akafariki. Wacheza shoo wake waliendelea kucheza kwa muda kabla ya kutambua kilichotokea.